Vibao Vyenye Rangi Nyekundu

"Fungua huo mkebe," Renata Hruska alisema.

Verlene Gadsden hakuufungua. Aliusukuma kwa kisigino ukaingia ndani zaidi chini ya meza, akaendelea kumhudumia mama mwenye watoto wawili aliyekuwa mbele ya foleni. Alipitisha kadi ya yule mama kwenye mashine, akamhesabia vibao vyenye alama ya hindi, kisha akamwongezea vingine idadi ileile vyenye alama ya karoti, na akamwambia awahi matikiti kabla hayajaisha. Mama alipoondoka ndipo Verlene alipoinua uso.

"Mpelelezi, kuna watu hapa wanataka kwenda kupika."

Sisi wa mji wa Corliss tumeuzoea utaratibu huu wa soko la wakulima hata hatuuoni tena. Mwenye kadi ya chakula ya serikali huja kwenye meza ya Verlene, hukatwa dola anazotaka, hupewa vibao vya mbao vya hindi vya thamani hiyo. Halafu mfuko wa hisani humwongezea vibao vya karoti vya thamani ileile, vya kununulia mboga na matunda tu. Wakulima hupokea vibao hivyo kama pesa, na baadaye huvirudisha mezani wakalipwa. Hivyo ndivyo mtu ambaye angeishia kwenye makopo ya duka la kona anavyorudi nyumbani na sukuma wiki iliyokatwa alfajiri, na nyanya zinazonuka nyanya.

Tatizo ni kwamba tangu majira ya joto yaanze, vibao vya karoti vilivyorudi vilizidi vilivyotolewa. Ingekuwa Jumamosi moja, watu wangesema mtu kakosea kuhesabu. Ilikuwa kila Jumamosi, na mfuko ulimtuma Renata, aliyewahi kuwa askari kanzu wa wilaya na aliyezaliwa mtaa wa tatu kutoka hapo. Preston Weller, mwenyekiti wa kamati ya soko, alikuwa na jibu lake tangu jana. Anayeshika kisanduku cha vibao ni mmoja, alisema, basi na mwizi ni mmoja. Soko likifungwa saa saba mchana na Renata hana jina lingine, Verlene angeondolewa mezani, jina lake lipelekwe kwa mwendesha mashtaka, na nyongeza ya karoti isimamishwe.

Renata alipiga goti, akauvuta mkebe mwenyewe. Ulikuwa mkebe wa biskuti wa bati, mzito. Ndani yake vilikuwamo vibao vya karoti, vimejaa mpaka juu, na kila kimoja kilikuwa na rangi nyekundu upande wa nyuma: kingine mstari mwembamba, kingine nusu mwezi, kingine chekundu chote.

Weller, aliyekuwa amesimama karibu na nguzo akijifanya anasoma simu, alisogea upesi. Alisema sasa kazi imekwisha. Renata alimwomba ampe nafasi, akavuta kigoda, akaketi nyuma ya meza.

Chini ya banda lile la zamani la reli, soko lilipo, alikuwa amekaa hivyohivyo akiwa msichana mdogo, juu ya kreti, mama yake akichagua pilipili hoho za kujaza nyama. Siku hizo hapakuwa na kadi wala vibao. Mama alikuwa na kijitabu cha stempu za chakula za karatasi, na wakulima wengi, wakikiona tu, waligeuka wakapanga viazi. Mmoja tu alizipokea, mzee wa mabonde ya kusini, na hata huyo alizishika kwa ncha za vidole. Mama alikuwa akirudi nyumbani akiimba ili Renata asijue kwamba amelia. Harufu ya pilipili zile ilikuwa palepale asubuhi hii, na Renata aliikumbuka siku ile vizuri mno.

Alisogeza kigoda, akarudi kazini.

"Bwana Weller, kisanduku cha Verlene kilianza msimu kikiwa kimejaa kiasi gani?"

"Nusu. Zaidi kidogo ya nusu."

"Na leo?"

Weller alitazama. Kisanduku kilikuwa kimejaa hata kifuniko hakikai, na pembeni yake kulikuwa na mkebe.

"Mtu akiiba vibao humu akawapa rafiki zake," Renata alisema, "rafiki zake wananunua mboga, mkulima anavirudisha, vinaingia tena humuhumu. Kisanduku kinabaki kilekile. Hiki kinavimba. Kuna vibao vinavyoingia ambavyo havikutoka humu."

Weller alifikiri kidogo, akasema basi ni vya kughushi. Verlene aliguna, akamwita mtu wa pili kwenye foleni.

Aliyevitengeneza vibao ni Gus Petrakis, seremala mwenye karakana ng'ambo ya reli. Renata alimkuta akipaka gundi miguu ya kiti. Petrakis alikisugua kibao kimoja kwa kidole gumba, akakinusa, akakigeuza. Alisema mbao ile ilitoka kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo wa sekondari ya Corliss, ile iliyobomolewa wilaya ilipokosa wanafunzi. Soko lilipotaka vibao hapakuwa na pesa ya mbao, na sakafu ilikuwa imelala uani kwake bure. Aliikata yote.

"Labda mtu mwingine alikuwa na kipande kilichobaki," Renata alisema.

"Hakikubaki hata cha kuchokonolea meno. Na chuma cha kuchomea alama kilipasuka siku ya mwisho ya kazi. Ona hapa." Alimwonyesha ufa mdogo kwenye ncha ya karoti. "Ufa huu upo kwenye vibao vya mwisho vyote. Hiki ni changu. Na hiki. Vyote vyangu."

"Na hii rangi?"

Petrakis alicheka. Alitoa funguo zake mfukoni, na kwenye pete yake palikuwa na kibao chenye mstari mwekundu. Alisema vile vya rangi ndivyo vilivyokuwa vya kwanza kupotea. Ilikuwa mistari ya uwanja wa mpira wa kikapu, na mtu aliyecheza pale, au aliyempata mke wake pale siku ya dansi, akipewa kibao chenye mstari hakirudishi. Anakiweka dirishani. Yeye mwenyewe alipewa hicho na mwanamke mmoja, kwa urafiki, badala ya chenji, na alijua kabisa hairuhusiwi.

Renata alitoka na maelezo yaliyomwondolea mshukiwa mmoja na kumletea mji mzima. Vibao vilikuwa halali. Vilitolewa na Verlene miaka ya nyuma, vikabaki nje, na sasa vinarudi. Lakini mji mzima haukumbuki kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kama ingekuwa ni watu mbalimbali wanaosafisha madirisha yao, vibao vingetapakaa kwa wauzaji wote.

Kwa hiyo alipita kwa wakulima, mmoja mmoja, akawaomba wamwage vibao vyao vya wiki mbili mezani kabla havijachanganywa. Soko la Corliss lina tabia yake: wakulima hawarudishi vibao siku ileile, huviacha kwenye mifuko ya aproni mpaka vianze kuwapiga mapajani. Ofisi yoyote ingelikasirikia jambo hili. Renata alilishukuru. Muuza pichi hakuwa na chekundu hata kimoja. Muuza asali hakupaswa kuwa na karoti kabisa, naye alikuwa nazo kadhaa, akaanza kueleza mambo ya mke wake, Renata akamwambia hayo si ya leo. Aproni ya Dwayne Lichty, muuza kabichi na nyanya wa mwisho kabisa karibu na choo, ilipomwagwa, meza ilikuwa nyekundu.

Lichty anatoka wilaya nyingine na hamjui mtu. Alisema ni mzee mmoja mrefu, huja soko likiwa limeshafungwa, watu wakipakia magari. Hununua zilizobaki: nyanya zilizopondeka, kabichi lenye majani ya njano. Habishani bei. Akilipa hatazami vibao, anatazama pembeni.

"Leo atakuja?"

"Sijui. Labda hatakuja, kila mtu anajua upo." Lichty alijikuna shingo. "Si mtu mbaya. Kuna siku nilimrushia kabichi, akalidaka bila hata kusogea. Akanirudishia, mimi nikaliangusha. Akanifokea kama mtoto. Akasema, mikono miwili, macho kwenye mpira. Kabichi, mama. Ananiambia mimi mpira."

Maneno hayo Renata alikuwa ameyasikia zamani, uwanjani. Alimshukuru Lichty, akanunua nyanya ambazo hakuzihitaji, akarudi kwa Verlene. Foleni ilikuwa imepungua. Alimkaribia, akasema kwa sauti ya chini ili Weller asisikie.

"Ni Kocha Mrozek."

Verlene aliendelea kupanga vibao.

"Ulijua," Renata alisema. "Weller anakuita mwizi mbele ya watu, na wewe umenyamaza. Saa saba ikifika watakufukuza, Verlene. Watakupeleka mahakamani."

"Wewe ulicheza timu yake."

"Nilicheza."

"Basi unajua." Verlene alifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Mimi nilikuwa zamu ya jioni hospitali, nafua mashuka. Lamar wangu alikuwa na njaa ya kijana, ile isiyoisha. Kocha alimleta nyumbani kila jioni kwa gari lake, na kila jioni mwanangu alishuka ameshiba. Hakuniambia neno. Hata siku moja hakunifanya nimshukuru. Sasa wewe na huyo Weller mnataka nimnyooshee kidole kwa sababu ya kabichi?"

"Na mkebe?"

"Nilikuwa namwekea. Anapiga mnada sakafu yake kwa nyanya mbovu. Nilikuwa natafuta namna ya kumrudishia."

Renata alitazama saa ya banda. Ilikuwa imepita saa tano. Alimwambia Verlene kwamba Weller hatakubali hadithi bila mwenye hadithi, kwa hiyo anakwenda kumtafuta. Verlene alisema akimdhalilisha yule mzee asirudi tena mezani kwake, hata kama ni mpelelezi.

Nyumba ya Stanley Mrozek iko kwenye kilima juu ya mahali kilipokuwa kiwanda cha chuma. Alifanya kazi kiwandani mchana na kufundisha mpira wa kikapu jioni, na shule haikumlipa zaidi ya viatu na heshima. Alifungua mlango akiwa amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, kama mtu aliyekuwa amejiandaa kupokea mgeni.

"Hruska," alisema. "Nilifikiri watamtuma mtu mrefu."

"Niliambiwa urefu si kitu, Kocha. Na wewe ndiye uliyeniambia."

"Nilikuwa nakudanganya. Ingia."

Jikoni, meza yote ilikuwa imefunikwa na vibao, vimepangwa kimoja kikigusa kingine. Vingi vya katikati vilikuwa vyekundu. Renata alihitaji kusimama upande wa dirisha ndipo alipoiona: herufi kubwa ya C, ile iliyokuwa katikati ya uwanja, ambayo yeye, msichana asiye na urefu, aliikanyaga usiku wa fainali akiwa na mpira mkononi na mji mzima umesimama. Ilibaki kipande cha chini na nusu ya mgongo. Juu palikuwa na meza tupu.

Alimuuliza kama mpelelezi anavyopaswa kuuliza, na mzee alijibu moja kwa moja. Ndiyo, alivinunua. Miaka ile ya mwanzo alikuwa akisimama mlangoni pa soko na pesa taslimu, akiwaomba watu vibao vyenye rangi, akiwalipa dola kamili na senti za juu. Hakujua kama ni kosa. Baadaye alijua, na aliendelea. Alitaka kuiunganisha sakafu yote, na Irena, mkewe, alikuwa hai na alimsaidia kupanga.

"Na sasa?"

"Pensheni ya kiwanda ilikatwa. Halafu Irena akaugua." Alivuta kiti, akaketi. "Nilianza na mistari ya pembeni. Nikasema, hiyo haina maana kubwa. Nikala mstari wa pembeni mwezi mzima, na kabichi. Halafu mstari wa adhabu. Huo ulinipa nyanya nyingi, unakumbuka ulivyokuwa mpana. Nikajiambia herufi siigusi."

"Kocha, kuna kadi."

Alinyoosha mkono bila kuinuka, akafungua droo ya vijiko. Bahasha ilikuwa mle, imefunguliwa vizuri kwa kisu, na kadi ikiwa bado imebandikwa kwenye karatasi yake. Ilifika tangu masika.

"Nusu ya foleni ile niliwafundisha mimi," Mrozek alisema. "Niliwapigia kelele wasiniombe maji kabla ya kumaliza mazoezi. Niende nisimame nyuma yao na hii?"

Renata aliketi ng'ambo ya meza. Alitaka kusema jambo la faraja, akaona halifai. Alimweleza hali ilivyo: kwamba mfuko haukuibiwa, kwa sababu kila kibao mezani kilitolewa kihalali na hakikuwahi kurudishwa kulipwa. Kwamba vilivyonunuliwa kwa pesa taslimu vinafutwa, na itambidi yeye Renata avichukue vyote, pamoja na hivi. Na kwamba bila mtu kusema haya mbele ya kamati kabla ya saa saba, mwanamke mmoja anakwenda mahakamani.

"Mwanamke gani?"

"Verlene Gadsden. Mama yake Lamar. Amejua muda wote, na hajakutaja."

Mrozek alikusanya vibao vya ncha ya chini ya herufi kwa kiganja, akaviangalia. Renata alimwona akizeeka pale pale mezani, na alimhurumia kuliko alivyowahi kumhurumia mshukiwa yeyote.

"Kwa nini hukusema hilo kwanza?" mzee aliuliza, naye akainuka kutafuta mfuko.

Waliifumua herufi pamoja, wakaitia kwenye mfuko. Haikuchukua muda.

Walipofika sokoni muuza pichi alikuwa ameanza kukunja turubai. Weller alisimama kando ya meza ya Verlene na wanakamati wawili, na foleni ilikuwa na watu wachache wa mwisho. Renata alidhani mzee angekwenda moja kwa moja kwa Weller. Hakwenda. Alikwenda nyuma ya foleni, akasimama. Weller alimwita, akasema kwa heshima kwamba yeye si lazima asubiri.

"Nasubiri kama wengine," Mrozek alisema.

Watu waligeuka. Wengine walimwamkia, kisha wakaona kadi mkononi mwake, wakatazama mbele tena. Foleni ilisogea taratibu. Verlene alikuwa akihudumia bila kuinua macho, na kila aliyeondoka aliondoka polepole.

Mrozek alipofika mezani aliweka mfuko mbele ya Weller. Alisema, kwa sauti ileile iliyokuwa ikifika upande wa pili wa ukumbi, kwamba vibao vyote vyekundu ni vyake, alivinunua mlangoni pa soko hili kinyume cha kanuni, akavila kiangazi hiki kwa sababu hakuwa na pesa, na kwamba Bibi Gadsden hakuchukua hata kimoja. Weller aliuangalia mfuko, akamwangalia Renata. Renata alisema ameviona vyote na ataandika hivyohivyo. Weller alichukua mfuko na mkebe, akamwambia Verlene, kwa shida, kwamba Jumamosi ijayo meza iwe palepale.

Kazi ilikuwa imekwisha. Mrozek angeweza kwenda nyumbani, na Renata alikuwa tayari kumsindikiza. Lakini mzee alibaki palepale. Aliingiza kadi kwenye mashine kichwa chini. Haikusoma. Akaiingiza tena vilevile.

Verlene aliuchukua mkono wake, akaigeuza kadi, akaurudisha.

"Ukikata kumi, Kocha, nakuongezea karoti kumi."

"Basi kumi."

Mashine ililia. Verlene alimhesabia vibao vya hindi, halafu vya karoti, vyote visivyo na rangi, na akavisukuma upande wake wa meza. Mrozek alivitazama vimelala pale. Hakujua aviweke wapi.

Ndipo jitu moja lenye ndevu za mvi, lililokuwa mlinzi wa kikapu katika timu ya mwisho ya Corliss, likainama mbele likiwa na kadi yake mkononi.

"Kocha, sogea basi. Una watu nyuma yako, na nyanya zinaisha."

Foleni ilicheka. Mzee aliviokota vibao vyake kwa mikono yote miwili, akasogea.